"Eko na mawazo mingi": neno letu kwa vijana wa Golf

Asanteni kwa kuacha mechi na kuja kukaa na sisi kwenye viti hivi vya plastiki. Tunajua wengine walikuja juu ya munkoyo. Hakuna neno, munkoyo iko, lakini tuongee kwanza.

Hapa kwetu Lubumbashi, ukiuliza habari ya mtu na ukajibiwa "eko na mawazo mingi", kila mtu anaelewa. Hakuna anayesikia kwamba yule mtu anafikiri vizuri. Tunasikia kwamba halali, hali bukari yake, anaangalia ukuta. Lugha yetu imechukua neno la kazi ya kichwa na kuligeuza jina la mzigo. Kuwaza ni kazi. Kuwa na mawazo ni ugonjwa unaoanza polepole, na katikati yetu umeingia.

Tulikuwa na mwenzetu, jina tunaliacha. Alimaliza masomo yake na akaanza kuzunguka mjini na bahasha ya makaratasi, ofisi kwa ofisi. Mwaka wa kwanza alikuwa anatoka kila asubuhi, amepiga pasi shati. Mwaka wa pili, mara mbili kwa wiki. Kisha akabaki na telefone. Alikuwa anapata pesa ya mega kuliko pesa ya chakula, tusiulize namna gani. Analala saa tisa ya usiku, anaamka saa sita ya mchana, anaanza tena kupandisha kidole kwenye kioo. Siku moja tulimletea karatasi ya kujaza pamoja. Akasoma mstari wa kwanza, akarudi, akasoma tena, akatuambia: "Inaniponyoka." Huyu ndiye aliyekuwa anatufundisha sisi hesabu.

Jirani mmoja alisema ni ulozi. Sisi tulimwambia "jikaze". Kati ya hayo maneno mawili, hatujui lililokuwa baya zaidi. Yeye alikuwa anajikaza tangu miaka miwili, ndiyo sababu alichoka.

Haya mambo wazee wetu waliyapita mbele yetu. Kuanzia mwaka 2003 Gécamines iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, katika ule mpango ulioitwa "départ volontaire". Ndani ya lupango nyingi za Haut-Katanga kuna papa aliyetoka siku zile. Tunaongea sana juu ya pesa waliyopoteza, na ni haki. Lakini waulizeni mama zetu. Watawaambia kwamba kilichovunjika hakikuwa mfuko tu. Mtu aliyekuwa anasikia king'ora, anajua saa yake, timu yake, mashine yake, aliamka asubuhi moja na hakuna kinachomuuliza swali. Wengine walikaa kwenye kiti mbele ya nyumba na hawakusimama tena. Wengine walichukua jembe, wakaenda kulima, wakaanza kuhesabu mbegu na mvua, au wakafundisha watoto wa jirani kuchomelea vyuma. Njaa ilikuwa ileile kwa wote. Lakini wale wa pili, ukiwapata leo, wanakukumbusha mpaka tarehe ambayo wewe umeisahau. Hatusemi hii ni sayansi, ni kitu tulichokiona kwa macho.

Sayansi nayo iko. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayosukuma mtu kwenye kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni. Walikadiria kwamba kama yangeshughulikiwa yote, karibu 45% ya ugonjwa huo ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Ndani ya orodha kuna masomo machache, kukaa peke yako, huzuni nzito, pombe kupita kiasi, sigara, presha, sukari, mwili usiotembea, kichwa kilichogongwa, hewa chafu. Isome hiyo orodha ukiwa hapa. Kichwa kilichogongwa: ni wangapi kati yetu wanapanda moto bila kofia? Pombe: lutuku inauzwa karibu na shule. Hewa chafu: moshi wa makala, vumbi la malori ya madini. Presha: mnapima wapi, na kwa pesa gani? Mengine hapo hayana dawa ndani ya chumba cha mtu mmoja. Tutaendelea kuyadai kwa wenye mamlaka, na mnatujua, hatuchoki.

Lakini kuna sehemu ambayo hatutangoja mtu. Na hapa tunataka kuwaambia habari moja ya mji wetu.

Mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, kilitoka kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandika. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili, hiki chetu cha Katanga. Aliyekiandaa ni André Yav, kwa niaba ya chama cha maboi wa zamani. Ndiyo, maboi. Watu waliopika, waliofua, waliopiga pasi ndani ya nyumba za wazungu, walikaa wakakumbuka, wakaandika historia ya mji wao: nani alikuja, nani alitukanwa, kazi ilikuwaje, mshahara ulikuwaje. Hakuna aliyewapa kazi hiyo. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo kinasomwa kwenye vyuo vikuu vya ng'ambo. Sisi tunaoishi hapa Golf, mtaa uliobeba jina la mchezo wa wazungu, wangapi tumekisikia?

Tena kuna Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1973 na 1974, hapahapa mjini, alichora historia ya inchi nzima kwa picha zaidi ya 100. Alikuwa anachora juu ya kula, kama wachoraji wengine wa mtaa, na alikuwa anawaza juu ya kila picha. Matatizo ya kila siku alikuwa nayo. Hakungoja yaishe kwanza.

Basi tunafanya je? Sisi tulianza na mambo madogo, na mengine yalitushinda. Tulisema telefone inalala nje ya chumba: wengi walidumu siku nne. Sasa tunasema tu, telefone isiwe kitu cha kwanza asubuhi. Tulisema kutembea kwa miguu badala ya taksi-bisi mara mbili kwa wiki, hiyo inashika vizuri, na mfuko unafurahi. Mchezo wa dame chini ya mti, unashika sana, mpaka kelele. Usingizi bado ni vita, juu kuran ikirudi katikati ya usiku, kila mtu anaamka kuchaji.

Na mtu akizidiwa, msimwambie "jikaze". Kaa naye, mpeleke. Hapa Lubumbashi kuko kituo cha wagonjwa wa akili cha Joseph Guislain. Kwenda pale si kuitwa kichaa, sawa vile kwenda kupima malaria si kuitwa maiti.

Kitu kikubwa tunachowaomba ni hiki. Jumamosi ijayo kila mtu aje na daftari moja. Kabla ya kuja, atafute mzee mmoja: koko yake, papa wa lupango, mama anayeuza sombe kwenye kona. Amuulize juu ya kazi yake ya kwanza mjini hapa, alipangisha wapi, alilipwa ngapi, nani alikuwa rafiki yake. Andika vile anavyoongea, kwa Kiswahili chake, usimsahihishe. Halafu tutasoma mmoja kwa mmoja, na tutaulizana maswali. Wale wasioandika vizuri, muje vilevile, tutawaandikia.

Atakayeshika orodha ya wazee, asije mzee mmoja akaulizwa mara tano, ni yule mwenzetu wa bahasha. Eko pale nyuma, mwenye kofia ya buluu. Aliiomba hiyo kazi yeye mwenyewe. Pitieni kwake mkitoka. Munkoyo iko ndani ya bidon ya njano. Vikombe ni kumi tu, mugawane.