Pumzi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetupa uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tuitazame leo neema tunayoipokea usiku na mchana bila ya kuilipia hata senti moja, nayo ni hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, sehemu 21 hivi ni oksijeni. Hewa hiyo hufika katika vifuko vidogo vya mapafu, ambavyo kuta zake ni nyembamba mno, hata oksijeni ikapenya kuingia damuni, na hewa ya ukaa, iliyo taka ya mwili, ikatoka. Samaki hufanya kazi hiyo kwa matamvua, na panzi kwa vitundu vya ubavuni. Mibuni ya Mbozi nayo hupumua. Lakini juani majani yake huichukua hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, yakatoa oksijeni. Basi taka yetu ni riziki yao, na taka yao ni uhai wetu.

Ndugu Waislamu, mizani hii huharibika katika chumba kilichofungwa. Hapa Tunduma, na kule Vwawa, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Wapo wasemao kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu, usio na moshi, hauna madhara. Hilo si kweli. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huenda asizinduke tena.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo. Basi tuote moto nje, na ndani tujifunike mablanketi. Tumwonye jirani, mgeni, na dereva alalaye garini akingoja kuvuka mpaka. Na mwenye kuumwa kichwa au kizunguzungu penye jiko atolewe nje upesi, kisha apelekwe hospitali.

Pumzi ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa. Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu na watoto wetu. Amin.