Kuandika Diski Bila Kupitia Kache: Nani Anabeba Dhamana ya Data?

Utangulizi



Mada hii inahusu njia mbili ambazo programu huzitumia kupeleka data kwenye diski. Njia ya kwanza, inayotumiwa na programu karibu zote, hupitia kwenye kache ya kerneli, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo kiini cha mfumo endeshi hutunza nakala za data ya diski. Njia ya pili huikwepa kache hiyo: data huhama moja kwa moja baina ya kumbukumbu ya programu na kifaa chenyewe.

Njia hii ya pili husifiwa sana kwa kasi. Hoja yangu ni kwamba kasi si kiini cha suala. Kiini ni dhamana. Anayeikwepa kache anajitwisha kazi zote ambazo kerneli ilikuwa ikimfanyia. Anayebaki kwenye kache naye hayuko salama ikiwa hajui kerneli imemwahidi nini hasa. Sisi tunaosimamia seva za SACCOS, hospitali na shule mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa hatuna budi kulielewa jambo hili vizuri.

1. Kazi ya kache

Programu inapoomba kusoma faili, kerneli huangalia kwanza kama data hiyo imo kwenye kache. Ikiwemo, huinakili kwenye kumbukumbu ya programu na kazi imekwisha. Isipokuwemo, kerneli huagiza diski, kidhibiti cha diski huiweka data kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, kisha kerneli huinakili tena kuipeleka kwa programu.

Katika kuandika, mambo ni tofauti. Kerneli hupokea data, huiweka kwenye kurasa za kache, huzitia kurasa hizo alama kwamba zinadaiwa kuandikwa, na papo hapo huijibu programu kwamba kazi imefanikiwa. Diski bado haijaguswa. Ni kama karani wa masijala anayegonga muhuri wa "imepokelewa" wakati barua ingali mezani, haijaingia kwenye jalada.

Kwenye Linux, kwa mipangilio inayokuja na mfumo, kerneli huamka kila baada ya sekunde 5 kutafuta kurasa zinazodaiwa, na ukurasa huhesabiwa kuwa umechelewa ukifikisha sekunde 30. Kumbukumbu ya kurasa zinazodaiwa ikizidi kiwango, kerneli huanza mapema zaidi. Vinginevyo, muamala uliojibiwa "tayari" unaweza kubaki kwenye kumbukumbu pekee kwa nusu dakika nzima. Umeme ukikatika katika muda huo, muamala haupo.

Hata hivyo tusiilaumu kache. Inaunganisha maandiko madogo madogo yakawa moja kubwa, inasoma mbele kabla hatujaomba, na inatuwezesha kuandika baiti 10 kwenye kifaa ambacho hakipokei pungufu ya baiti 512. Kwa kazi nyingi, hakuna mwandishi wa programu atakayeifanya vizuri kuliko kerneli.

2. Chimbuko la njia ya moja kwa moja

Njia ya kukwepa kache ni ya zamani. Katika Toleo la Sita la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1975, diski moja ilikuwa na majina mawili. Diski ya RK ilionekana kama rk0 kwa anayetaka kupitia kwenye bafa za kerneli, yaani kache yake, na kama rrk0 kwa anayetaka kifaa kitupu, yaani kifaa chenyewe bila bafa hizo. John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alichapa msimbo wa toleo hilo pamoja na maelezo yake kwa ajili ya wanafunzi wake, na hadi leo mwanafunzi anaweza kuisoma njia hii kwenye kurasa chache tu.

Kazi yote ilikuwa mikononi mwa kitendaji kimoja kinachoitwa physio. Kilianza kwa ukaguzi: anwani ya programu ikiwa witiri, ombi lilikataliwa, idadi ya baiti ikiwa witiri, lilikataliwa pia. Kisha kiliifunga programu ndani ya kumbukumbu ili isihamishwe wakati kifaa kinaandika, kikakabidhi ombi kwa kiendeshi cha kifaa, na kusubiri hadi kifaa kimalize. Masharti hayo mawili, mpangilio sahihi wa anwani na kumbukumbu isiyohama, bado yapo kwenye kerneli za leo. Hata zile sekunde 30 ni za kale: Unix hiyo ilikuwa na programu ndogo, update, iliyoamuru kache yote iandikwe kwenye diski kila baada ya sekunde 30.

Waliohitaji zaidi njia hii ni waandishi wa kanzidata. Mwaka 1981 Michael Stonebraker alichapisha makala akionyesha jinsi huduma za mifumo endeshi zilivyoshindwa kukidhi haja za kanzidata. Alieleza kuwa kwenye Unix ya kompyuta ya PDP-11/70, kuchukua baiti 512 kutoka kwenye bafa za kerneli kuligharimu zaidi ya maagizo 5,000 ya prosesa. Kanzidata inajua ukurasa upi utahitajika tena na upi hautahitajika. Inajua pia kwamba logi, yaani daftari la muamala, lazima ifike kwenye diski kabla ya data yenyewe. Kerneli haijui hata kimoja kati ya hayo. Ndiyo maana Oracle, Informix na Sybase mara nyingi ziliwekwa kwenye sehemu za diski zisizo na mfumo wa faili kabisa.

3. Linux na FreeBSD

Linux ilichelewa kuipata njia hii. Toleo la 2.4, la Januari 2001, lilikuja na vifaa vya pekee chini ya /dev/raw, ambavyo msimamizi aliviunganisha na diski kwa amri. Mwaka huohuo, katika toleo la 2.4.10, iliingia alama ya O_DIRECT, ambayo programu huitaja inapofungua faili au kifaa. Alama hii ilivifanya vifaa vya /dev/raw visiwe na kazi, na hatimaye viliondolewa katika toleo la 5.14 mwaka 2021.

FreeBSD ilichukua uamuzi mkali zaidi. Kuanzia toleo la 4.0, mwaka 2000, iliacha kabisa kuzifikia diski kama vifaa vitupu kupitia kache. Sababu yake inastahili kuzingatiwa na kila msimamizi. Kache inapochelewesha maandiko na kuyabadilisha mpangilio, hitilafu ya diski hutokea wakati programu imekwishajibiwa kwamba mambo ni shwari. Programu haiwezi tena kujua ni andiko lipi lililoshindikana, wala hali halisi ya diski ikoje.

4. Mzigo anaojitwisha anayekwepa kache

Mzigo wa kwanza ni mpangilio. Kwa O_DIRECT, anwani ya bafa (kumbukumbu ya programu inayobeba data), mahali pa kuanzia kwenye faili, na urefu wa data vyote kwa kawaida lazima vigawanyike kwa ukubwa wa sekta ya kifaa: baiti 512 kwenye diski nyingi, 4,096 kwenye nyingine. Ukikosea, kerneli hurudisha hitilafu ya EINVAL.

Wa pili ni kusubiri. Hakuna tena anayesoma mbele kwa niaba yako. Programu inayosoma kidogo kidogo kwa O_DIRECT itakwenda polepole kuliko ile inayopitia kwenye kache. Anayetaka mwendo lazima atume maombi mengi kwa pamoja bila kusubiri moja moja. Ndiyo kazi ya io_uring, iliyoandikwa na Jens Axboe na kuingia Linux 5.1 mwaka 2019.

Wa tatu ni kache yako mwenyewe. InnoDB, injini ya hifadhi ya kanzidata ya MySQL, ina kache yake ya kurasa za kilobaiti 16. Ikipitia pia kwenye kache ya kerneli, ukurasa uleule unakaa mara mbili kwenye kumbukumbu. Kwenye seva ndogo, hiyo ni hasara ya wazi, na O_DIRECT inaiondoa. Lakini programu isiyo na kache yake itarudi kwenye diski kila inaposoma, hata kama ni sekta ileile.

Wa nne ni usafi wa bafa. Kifaa kinasoma kumbukumbu ya programu yako moja kwa moja. Ukiibadilisha bafa kabla andiko halijakamilika, diskini kutaingia mchanganyiko wa data ya kale na mpya. Vilevile, faili moja lisitumiwe kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja.

5. Kukwepa kache si kuthibitisha

Hili ndilo kosa linaloleta hasara kubwa. Wengi hudhani kwamba O_DIRECT ikijibu, data iko salama. Sivyo. Diski nayo ina kumbukumbu yake ya ndani inayoweza kupotea umeme ukikatika, na mfumo wa faili unaweza kuwa haujaandika taarifa za ukubwa mpya wa faili. Anayetaka uthibitisho lazima aite fsync, ombi linaloiamuru kerneli isukume data ya faili hadi kwenye kifaa, au afungue faili kwa alama ya O_DSYNC. SSD nyingi za seva hubeba kapasita za kumalizia maandiko umeme unapokatika. Zile za bei nafuu tunazonunua madukani mara nyingi hazina.

Nayo fsync inataka umakini. Mwaka 2018 watengenezaji wa kanzidata ya PostgreSQL waligundua kwamba Linux, ikishindwa kuandika ukurasa, ilitoa hitilafu mara moja kisha ikauondolea ukurasa huo alama ya kudaiwa. PostgreSQL ilipoita fsync mara ya pili ilijibiwa kwamba kila kitu ni sawa, ilhali data haikufika. Suluhisho walilotoa mwanzoni mwa 2019 ni kali na la haki: fsync ikishindwa, seva inajizima na kuanza upya kwa kuirudia logi ya miamala. Waliona heri huduma isimame kuliko kuendelea juu ya data isiyoaminika.

Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, programu za kawaida zibaki kwenye kache. O_DIRECT iwe ya kanzidata, mashine pepe na kazi za kunakili diski nzima, ambako mwandishi anajua data yake kuliko kerneli inavyoijua.

Pili, asiwepo msimamizi anayezima fsync ya PostgreSQL ili kupata kasi, wala anayeweka innodb_flush_log_at_trx_commit ya MySQL kuwa 2 kwenye seva ya fedha bila kuwaambia wenye fedha kwamba umeme ukikatika, miamala ya takribani sekunde nzima inaweza kupotea.

Tatu, anayenakili diski kwa amri ya dd ahakikishe kwanza kuwa diski lengwa haijapachikwa kwenye mfumo, kwa sababu kifaa kitupu hakina ulinzi wa mfumo wa faili. Akitumia conv=fsync, dd haitamaliza kabla data haijasukumwa kwenye kifaa.

Nne, walimu tuwape wanafunzi zoezi la kuandika faili moja kwa njia tatu: kupitia kache, kupitia kache na fsync, na kwa O_DIRECT, huku wakifuatilia kwa zana za strace na iostat. Saa chache za maabara zitawafundisha zaidi ya ufafanuzi wa kukariri.

Ndugu washiriki, mwananchi anayeweka akiba yake SACCOS hajui kache wala fsync, na hana sababu ya kujua. Anachojua ni kwamba ameambiwa fedha zimepokelewa. Tukirudi kazini, kila mmoja wetu aikague seva anayoisimamia na ajiulize kama neno hilo ni la kweli wakati linapotamkwa.