Bunduki ya Jamhuri Haina Kabila wala Chama

Tangu Burundi ipate Uhuru tarehe 1 Julai 1962, mara nne serikali ya nchi iliangushwa na wanajeshi wake na maofisa wakatwaa madaraka: tarehe 28 Novemba 1966, tarehe 1 Novemba 1976, tarehe 3 Septemba 1987 na tarehe 25 Julai 1996. Kila mara wananchi walielezwa kwamba jeshi limeingilia kati ili kuliokoa taifa. Na kila mara, baada ya muda, taifa likajikuta lingali linahitaji kuokolewa. Historia hiyo inampa kila askari na kila polisi wa Burundi sababu ya kujiuliza swali moja la msingi: silaha aliyokabidhiwa ni mali ya nani?

Si mali yake, wala si mali ya mkuu wake. Imenunuliwa kwa jasho la mkulima wa kahawa wa Ngozi, la mvuvi wa Rumonge na la mchuuzi wa Buyenzi. Wananchi hao wamemkabidhi askari silaha, na wao wenyewe wamebaki mikono mitupu. Hiyo ni amana kubwa kuliko fedha iliyomo Benki Kuu, kwa kuwa aliyepewa kuitunza anaweza, akitaka, kuigeuza dhidi ya aliyempa. Kwa sababu hiyo, katika nchi ya kidemokrasia, mwenye bunduki hachagui nani atawale. Kazi hiyo ni ya mpiga kura.

Jeshi la Burundi lilifikaje kuwa mtawala? Lilifika huko kwa kuacha kuwa jeshi la wote. Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965, na hasa katika mauaji makubwa ya mwaka 1972, maofisa na askari Wahutu waliuawa au waliondolewa. Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, marais watatu waliofuatana na wote wanajeshi, walizaliwa katika wilaya moja ya Rutovu, mkoani Bururi. Watutsi wengi wakaliona jeshi kuwa ngao yao ya mwisho. Wahutu wengi wakaliona kuwa upanga ulioning'inia juu ya shingo zao. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli, na jeshi lililosimama juu ya hofu haliwezi kulinda amani.

Gharama yake ilionekana mwaka 1993. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye alishinda uchaguzi wa Rais. Meja Buyoya aliyeshindwa alimkabidhi madaraka tarehe 10 Julai, na Afrika nzima ikaisifu Burundi. Sifa hizo zilidumu siku mia moja na chache. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, askari waliishambulia ikulu mjini Bujumbura. Rais, ambaye usalama wake ulikuwa mikononi mwa jeshi lake mwenyewe, alipelekwa kambini akauawa. Waliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na makamu wake, Gilles Bimazubute.

Wauaji hao hawakuweza hata kuunda serikali. Walichokiweza ni kuifungulia nchi mlango wa maangamizi. Watutsi wasio na hatia waliuawa vijijini, Wahutu wasio na hatia wakauawa katika kulipiza kisasi, na vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi na kuchukua roho zinazokadiriwa kufikia 300,000. Mwezi Oktoba 2020, miaka 27 baadaye, Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa ingali ikitoa hukumu juu ya mauaji ya usiku ule. Askari anayedhani kwamba tendo la usiku husahauliwa asubuhi na aikumbuke miaka hiyo 27.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyosimamiwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na, baada ya kifo chake, na Mzee Nelson Mandela, yaliligusa jeshi moja kwa moja, kwani bila kuligusa yasingekuwa na maana. Mwezi Oktoba 2003, huko Pretoria, serikali na CNDD-FDD walikubaliana kwamba wapiganaji wa msituni wapewe asilimia 40 ya nafasi za makao makuu ya jeshi na asilimia 35 katika uongozi wa polisi. Tarehe 31 Desemba 2004 sheria ziliunda Jeshi la Ulinzi wa Taifa na Polisi ya Taifa, na jandarmeri ya zamani ikakoma. Katiba ya Machi 2005 iliweka kanuni kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu katika vyombo hivyo, ili kuzuia mauaji ya halaiki na mapinduzi. Wapiganaji na askari zaidi ya 20,000 walivua sare na kurudi uraiani.

Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilizaa matunda. Watu waliowindana katika msitu wa Kibira walilala katika bweni moja na kula chakula cha sufuria moja. Kuanzia mwisho wa mwaka 2007 walisimama pamoja katika handaki moja mjini Mogadishu, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Handakini mtu haulizi kabila la aliye ubavuni pake. Huuliza kama yuko macho.

Lakini mwaka 2015 ulionyesha kwamba safari haijaisha. Kugombea tena kwa Rais Pierre Nkurunziza kulizusha maandamano mjini Bujumbura. Katika mitaa kadhaa askari wa jeshi walisimama katikati ya polisi na waandamanaji, na wakazi wakawaheshimu kwa hilo. Kisha tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kwamba Rais ameondolewa. Kesho yake askari walipigana na askari wenzao kugombea jengo la Redio ya Taifa. Vituo vya redio vya watu binafsi viliteketezwa, jaribio likashindwa, na katika miezi iliyofuata mamia ya maelfu ya raia walikimbilia nchi za jirani.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: mgawanyiko ule haukufuata kabila. Jenerali Niyombare mwenyewe alitoka katika wapiganaji wa CNDD-FDD na alikuwa amewahi kuwa Mkuu wa Majeshi. Hesabu ya nusu kwa nusu ilikuwepo, na bado risasi zililia. Kanuni ile ni kama miti anayoisimamisha mwashi ili ajenge ukuta. Ni ya lazima, na anayeiondoa mapema atauangusha ukuta. Lakini miti si ukuta. Ukuta wenyewe ni mazoea ya kuitii sheria, awepo Rais nchini au awe safarini.

Jirani pia wana funzo. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Tanganyika ililivunja jeshi lililorithiwa kwa Mwingereza, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, likiwa karibu sana na chama kilichotawala. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, askari wa Tanzania walitakiwa kuachana na uanachama wa chama. Katiba ya Burundi ya 2005 iliweka katazo kama hilo. Jeshi la chama ni salama kwa chama hicho peke yake, na hilo nalo ni mpaka siku chama kitakapogawanyika.

Wajibu huu hauwaangukii wenye sare peke yao. Mwanasiasa anayembisha hodi kamanda usiku kuomba msaada wa siasa anavunja nyumba ileile anayotaka kuitawala. Bunge lisilouliza fedha za ulinzi zimetumikaje, na serikali inayopandisha vyeo kwa kujuana, huwafundisha askari kwamba sheria ni maneno tu.

Na utii? Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, lakini una mpaka. Tangu mahakama ya Nuremberg ya 1945 na 1946, dunia imekataa kwamba amri ya mkubwa inamwosha mtu aliyeua wasio na hatia. Polisi aliyeamriwa kutawanya umati hajaamriwa kuupiga risasi mgongoni, na hata angeamriwa, kidole kinachovuta ni chake.

Wakubwa hubadilika, vyama huinuka na kuanguka, marais huja na kwenda. Anayebaki ni yule mkulima wa Ngozi, aliyelipa bei ya bunduki na ambaye jioni hii analala bila silaha, akimtegemea aliye zamu.