Tumtafutie Shule Inayomfaa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Zama za Mtume, mji wa Madina ulikuwa na adhana mbili za alfajiri. Bilal (R.A.) aliadhini usiku, watu wakaendelea na daku. Akiadhini Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), ndipo watu waliacha kula. Huyu alikuwa kipofu. Ndiye yule aliyekwenda kwa Mtume kutaka kufundishwa, akamkuta ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi, ikateremka Surat Abasa. Ndugu msomaji, mwenye ulemavu alikuja kutafuta elimu na Allah hakutaka apuuzwe.

Sasa tujiulize: leo akija chuoni kwetu kijana wa miaka 14 mwenye usonji, tutampokea vipi?

Usonji, ambao wengi wauita otizimu, ni maumbile ya ubongo anayozaliwa nayo mtu. Si jini, si laana, wala si malezi mabaya. Mwenye nao huenda akawa mzito wa kuzungumza, au akateswa na kelele na mabadiliko ya ghafla. Akibaleghe, mara nyingine huongezeka mambo: halali, hali, ajiuma mikono, akataa shule kabisa. Watu husema, "Ah, ndio usonji wake huo." Si lazima iwe hivyo. Wasiwasi na huzuni nzito huwapata zaidi watu wenye usonji, na hayo ni maradhi yenye tiba. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Kisomo na dua ni kheri, lakini kumfunga kamba au kumpiga eti jini litoke ni dhulma.

Tukija kwenye shule, yako mambo matatu.

Kwanza, apimwe. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, vinavyojulikana kwa jina la EARC. Hapo huangaliwa anachoweza na anachohitaji, kisha mzazi huelekezwa: shule ya kawaida yenye msaada, darasa maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu. Nendeni na barua ya daktari, ili hali yake ya akili nayo ijulikane.

Pili, msikimbilie jina la shule. Ulizeni: darasani wako wangapi? Akilemewa na kelele, ako na mahali pa kutulia? Nani atampa dawa? Akichekwa, mwalimu hufanya nini? Na viboko je? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imevikataza. Shule ikiona uzito kujibu, hilo nalo ni jibu.

Tatu, tusimpime kwa mtihani pekee. Mtaala wa umilisi una njia ya wanafunzi wanaokwenda kwa hatua wala si kwa umri, mpaka wakafikia kazi za mikono. Kijana anayeweza kupika, kushona au kulima na akajitegemea hakufeli. Na yule mwenye uwezo wa masomo ya vitabuni asinyimwe kwa sababu tu hazungumzi sana.

Kwetu sisi vijana, kazi ipo. Chuo kinaweza kumpa saa moja peke yake, wenzake wakishaondoka. Ustadhi amwandikie ratiba kwa picha: udhu, swala, kusoma, kwenda nyumbani. Mmoja wetu akae naye jioni, mama yake apate kupumua na kuswali tarawehe. Wapo wazazi wanaowaficha watoto hawa kwa kuogopa maneno yetu. Basi maneno hayo tuyaache, hata kabla ya Idi.

Mama, baba, kama shule ya kwanza imemkataa na ya pili imemrudisha, msikate tamaa mkamwacha nyumbani. Kusoma ni haki yake, na kumtafutia ni amana yenu na yetu pia.

Ya Allah, wape subira wazazi hawa, wape shifaa watoto wao, na utufungue nyoyo sisi majirani zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.