Zambia: Fedha Zashuka Hadi Jimboni

Mwezi wa Januari mwaka 2022 jirani zetu wa Zambia walifuta karo katika shule za serikali, hata za sekondari. Mwaka huohuo Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na walimu zaidi ya 30,000 wakaajiriwa.

Hatua hizo hazina budi kutazamwe pamoja. Kufuta karo peke yake ni sawa na kualika wageni katika nyumba isiyo na viti. Nasi tulioondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016 msongamano huo tunaujua. Lakini fedha zikiwapo jimboni, dawati huchongwa na seremala wa hapohapo, wala halisubiriwi kutoka Lusaka. Mtoto akapata pa kuketi, na fundi akapata kazi.

Limebaki swali la kamati. Ikiwa wajumbe wake ni wapambe wa mbunge, mamilioni hayo yataishia mjini. Hesabu zake na zisomwe hadharani, na mama muuza mihogo, ambaye mwanawe bado anaketi sakafuni, aruhusiwe kuuliza dawati liko wapi.