Ufundi na Uaminifu

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa Tanzania mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Mizizi yake imo katika Elimu ya Kujitegemea, sera iliyotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967: elimu imwandae mtu kuitumikia jamii yake, si kuikimbia. Kwa msingi huo, stadi na maadili havitenganishwi. Anayejifunza useremala hupiga randa ubao mpaka unyooke, na hujifunza pia kutopunja mbao za mteja na kutimiza ahadi ya siku. Ujuzi bila uaminifu hufukuza wateja. Uaminifu bila ujuzi huharibu mbao. Kijiji kinahitaji vyote kwa fundi mmoja: dawati lisilolegea na bei isiyopanda kazi ikiwa nusu.