Katoni Iliyobonyea: Mazungumzo na Wahudumu wa Vifurushi na Wateja Wao

Basi la usiku kutoka Nairobi likifika stendi asubuhi, vifurushi hushushwa mbio mbio, maana basi lina safari nyingine. Mwendeshaji bodaboda anakabidhiwa katoni ya blenda, kona moja imebonyea. Analipwa kwa safari, si kwa saa. Akisimama kuikagua, mwenzake ameshapeleka mizigo miwili. Basi anaongeza selotepu na kuondoka.

Hapo ndipo kosa la mwingine linapogeuka lake. Mteja akikuta blenda imepasuka, anayemwona ni aliyeileta. Aliyeipakia Nairobi hayupo.

Wahudumu wazoefu huanza na picha ya simu, lebo ikionekana, kabla ya kutia sahihi. Kisha karani huandika kwenye risiti kwamba katoni ilifika imebonyea. Karani naye ana haraka, na wengine hununa, lakini ni kazi ya dakika moja hivi. Mzigo unaovuja hutengwa. Dawa ya mifugo isipakiwe pamoja na unga.

Nanyi wateja, msimpigie mwendeshaji simu mara tano akiwa barabarani. Fungueni mzigo mbele yake. Ukiwa umeharibika, msimnyime nauli yake. Pelekeni risiti na picha kwenye ofisi iliyopokea mzigo. Kampuni za vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ofisi isipowasikiza, lalamiko linaweza kufikishwa huko. Risiti itunzeni hadi mzigo ufunguliwe.